Mvumo wa Chumba cha Mbele

Gharib alikuwa fundi wa injini za boti pale Kibirizi, Kigoma, na kilichompa jina ni sikio lake. Wenye boti walimwita asikilize kwanza. Alisimama kando, injini ikawashwa, naye akasema plagi ya pili imekufa, au beringi imeanza kulegea, ndipo akashika spana. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

Siku aliyoumia alikuwa anarudi kutoka Kagunga na boti la mizigo. Ziwa lilichafuka ghafla, mawimbi yakawapiga ubavuni, kamba ikakatika na pipa la mawese likamgonga nyuma ya sikio la kushoto. Alilazwa kwa wiki kadhaa. Alipotoka alikuwa anatembea, anakula mwenyewe, anamjua kila mtu. Majirani wa Ujiji walikuja kusema alhamdulillahi, na mkewe Hasna aliitikia pamoja nao, kwa moyo wote.

Kabla ya hapo Hasna alikuwa na kibanda chake mtaa wa Mwanga, alikohariri video za harusi. Sasa hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake. Akahamishia kompyuta nyumbani, akaiweka chumba cha mbele, kando ya ukuta ambao upande wake wa pili kulikuwa na kitanda chao. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

"Hasna, izime hiyo," Gharib alisema siku ya kwanza.

"Nina harusi ya watu, mume wangu. Wanaitaka Ijumaa."

"Inanichoma kichwani."

Kompyuta yenyewe ilikuwa boksi kubwa jeusi la mtumba. Video ya harusi ndefu ikipitishwa ndani yake kwa mara ya mwisho ili iwe tayari kukabidhiwa, ilipata joto, na chini ya mabati ya Ujiji saa za mchana feni zake zilinguruma kama mashine ya kukoboa. Hasna alijaribu kuchomoa feni moja. Mashine ikajizima katikati ya kazi, akaanza upya. Siku nyingine alikuta Gharib amesimama mbele ya boksi, ameshika spana ya magurudumu, na ubavu wa boksi umebonyea ndani. Alikuwa analia. Katika miaka yote ya ndoa yao Hasna hakuwahi kumwona akilia.

Akaenda kwa Castory, fundi wa kompyuta aliyekuwa jirani yake kule Mwanga.

"Dada Hasna, kwanza ni vumbi," Castory alisema alipofungua boksi. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kwenye mapezi ya feni kama udongo kwenye kwato. Alishika pezi kwa kidole lisizunguke, akapiga brashi, akapuliza. "Halafu hizi feni ni ndogo. Feni ndogo lazima ikimbie sana ili ipitishe hewa, na kukimbia ndiyo kelele. Kubwa inatembea polepole na hewa inapita ileile."

Hasna akanunua mbili kubwa katika duka la pale mjini, zile zinazowaka taa za rangi. Zilimvutia. Nyumbani Gharib alizisikiliza kwa muda mfupi tu, macho yamefumbwa, jinsi alivyokuwa akisikiliza injini.

"Ya nyuma bushi yake mbovu," alisema. "Inakwaruza. Itakufa."

Na kweli, mwezi haukuisha ikaanza kutoa mlio wa panya. Hasna alifurahi kuliko alivyohuzunika, kwa sababu mumewe alikuwa ameonekana tena, yule wa zamani, akiwa kazini. Tangu hapo walifanya kazi ile pamoja. Castory aliagiza feni nyingine kutoka Dar es Salaam, zisizo na taa, zenye waya nne. Alieleza kwamba ule waya wa nne ndio unaoiwezesha kompyuta kuiambia feni iende kasi gani. Ya waya mbili inajua kuzunguka basi. Moja waliiweka mbele ivute hewa, nyingine nyuma itoe joto. Gharib akakata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, akavitia kati ya feni na bati la boksi ili mtetemo usipite. Mikono yake ilikumbuka kazi.

Kasi ilibaki kwa Hasna. Castory alimwonyesha pa kuingilia kwenye mipangilio kompyuta inapowaka, penye mchoro wa mstari mmoja: joto likiwa hivi, feni iende hivi. Alikaa nao mchana mzima. Aligundua kwamba kinachomtesa mtu si mvumo wenyewe, ni kule kupanda na kushuka, feni kukurupuka kila mashine inapopata joto kidogo kisha kutulia na kukurupuka tena. Akaushusha mstari, akaulaza, akaiambia mashine isubiri kabla ya kuongeza kasi. Akapitisha harusi nzima, akiangalia joto kama mama anavyoangalia chungu cha maziwa. Joto lilipanda, likasimama mahali salama. Feni hazikusikika. Ilibidi aweke kiganja nyuma ya boksi kuhakikisha hewa inatoka.

Akamwita mumewe kwa sauti ya furaha. Gharib akaja, akaketi kwenye mkeka, akafumba macho.

"Haya?" Hasna aliuliza.

"Bado."

"Sikiliza vizuri."

"Bado inalia, Hasna. Sasa ndiyo inalia."

Hasna akainama, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Nje kuku alikuwa anachakura, na mbali, barabarani, bodaboda ikapita.

"Nimechomoa," alisema.

Gharib aligeuza kichwa upande huu, kisha upande ule, kama anayetafuta injini ilipo. Halafu akaweka kiganja juu ya sikio la kushoto, akakiacha hapo.

"Basi imo humu," alisema. "Ilikuwa humu siku zote."

Baada ya siku hiyo hakulalamika tena, na Hasna aliona afadhali angelalamika. Alikaa ukutani akitazama miguu yake. Akiongeleshwa aliitikia, lakini maneno yalimfikia kama mtu aliye ng'ambo ya kitu.

Walikwenda hospitali. Daktari aliyempima aliongea taratibu, akimtazama Hasna zaidi ya mgonjwa. Mshipa wa sikio umeumia, alisema, na dawa ya kuurudisha hana. Ule mluzi anaousikia hautaondoka. Kisha akauliza: "Nyumbani kwenu ni kimya?"

"Kimya kabisa, daktari. Nimejitahidi."

"Kimya kinamuumiza. Mwachie sauti ndogo ya kudumu, isiyopandapanda. Redio ya chini, feni, chochote. Sauti ya nje inaifunika ile ya ndani."

Hasna alishukuru. Walipofika kwenye bajaji ndipo ilipomwingia akilini. Miezi yote ile alikuwa akimwondolea mumewe, kipande kwa kipande, kitu pekee kilichokuwa kikimfunikia ule mluzi.

Alirudi kwenye mchoro. Akauinua mstari kidogo kidogo, Gharib akiwa amelala kitandani upande wa pili wa ukuta, mlango wazi.

"Hapo?"

"Juu kidogo."

"Hapo?"

"Hapo. Usiiguse."

Akalala. Hasna alisikia pumzi zake zikirefuka, akabaki na mkono kwenye meza, akiogopa hata kusogeza kiti. Tangu hapo kompyuta haikuzimwa, iwe na kazi au haina.

Lakini umeme wa Kigoma hauna mkataba na mtu. Siku moja, mvua za masika zilipokuwa zimeanza, ulikatika asubuhi na haukurudi. Hasna aliwasha redio ya betri, betri zikafa. Akatoka kwenda dukani. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma wazi.

Wavuvi ndio waliompata, jioni kabla ya giza. Alikuwa ameketi ndani ya maji pale mawimbi yanapovunjikia, yamemfika kifuani, midomo imebadilika rangi. Walipomnyanyua alipigana nao. "Niacheni," alisema. "Huku haisikiki."

Dada yake Gharib, Bi Fatu, alikuja kutoka Ilagala kesho yake. Nyumba yake ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba wimbi lilisikika hata ndani ya chumba, mchana na usiku.

"Wifi, nipe ndugu yangu," alisema. "Kwangu ziwa halikatiki."

Hasna alimfungia mumewe nguo zake. Walikubaliana ni kwa muda, mpaka masika yaishe.

Masika yaliisha. Hasna alimfuata Ilagala. Alimkuta nyuma ya nyumba akianika dagaa pamoja na dada yake, amenenepa kidogo, macho hayana tena wekundu wa kukosa usingizi. Alimpokea vizuri, akamuuliza habari za majirani mmoja mmoja. Wakala pamoja. Ilimbidi Hasna apaze sauti ili asikike, na mara nyingi Gharib alitabasamu tu bila kujibu.

"Nimekuja tuondoke wote," alimwambia hatimaye.

Gharib aligeukia ziwa.

"Hapa nalala, Hasna."

"Nitanunua betri kubwa. Castory anasema ipo ya kuendesha feni siku nzima."

"Najua utanunua," alisema kwa upole. "Ungenunua hata ziwa. Lakini nyumbani nitakuwa nasikiliza lini itakatika. Hapa sisikilizi kitu."

Hasna hakumshikilia. Alikaa mpaka boti la kurudi lilipojaa abiria, Bi Fatu akamfungia samaki aina ya migebuka wa kupeleka nyumbani, na Gharib akamsindikiza hadi majini, akambebea mzigo, akampa mkono wa kupandia. Boti lilipowashwa, fundi wake alihangaika na injini iliyokuwa ikikohoa na kuzima. Hasna alimgeukia mumewe, akasubiri aseme ni nini kibovu. Gharib alikuwa ameshageuka, anapanda kurudi kwa dada yake.