Wakulima Wasio na Nyuso

Harufu ya tapentaini, mafuta ya kuyeyushia rangi, hunirudisha mtaani Hockley, ughaibuni, kwenye karakana ya mchoraji mmoja, bibi wa Kiukraine, ambako mama alikuwa akifanya usafi. Picha zake zilijaa wakulima wa rangi kali, wasio na macho wala midomo. Nilijificha nyuma ya mama.

"Mama, nyuso zao ziko wapi?"

"Muulize mwenyewe."

Bibi alisema babu yake ndiye aliyewachora hivyo, wakati wa njaa kuu kwao. Serikali, isiyotaka njaa hiyo ijulikane, ikachoma picha zake, kisha ikamchukua mwenyewe. Bibi sasa alikuwa akizichora upya.

Ghafla mlango ukagongwa kwa nguvu. Bibi akazigeuza picha zielekee ukutani.

"Ni mtu wa posta tu," mama alisema.

Bibi akamsihi asifungue. Tukakaa kimya, mimi nimemshika mama, mpaka sauti ya nyayo nje ikapotea.