Sikupanda Kuomba

"Rudi juu, mama," mlinzi wa geti aliniambia. "Njaa ya siku ya kwanza ndiyo mbaya. Ya pili unaizoea."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilikuwa nimeteremka mlima wa mawe kwa makalio, suruali imechanika gotini, saa tisa na nusu, na basi la mwisho la Kampala hupita pale saa kumi. Nilichotaka kwake ni kimoja, kitambulisho changu alichokichukua asubuhi. Nikamwambia sina njaa. Nikamtolea kipande cha chapati kilichobaki mfukoni aone mwenyewe. Akakitazama, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa.

"Kumbe umeshakula. Basi itabidi uanze upya."

Nilimpigia kelele mpaka wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, wakaacha majiko yao wakaja kusikiliza. Sikumbuki yote niliyosema. Ninayoyakumbuka ni ya kuficha.

Naishi Nsambya, kwenye nyumba za polisi, chumba kimoja chenye pazia katikati. Mume wangu ni askari, wakati huo alikuwa amepelekwa mpakani. Mtoto wetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na muda wote huo sikuwahi hata kuoga bila mtu kunigongea mlango. Mlima ule nilikuwa nauona dirishani mwa basi kila nikienda kwetu. Jiwe tupu, jeusi, limesimama peke yake katikati ya mashamba. Nikataka kukaa juu yake. Basi, ni hilo tu. Jirani yangu, naye ni polisi, alikubali kunishikia mtoto mpaka saa moja jioni, anapoingia zamu. Hata yeye aliuliza naenda kukutana na nani. Nilipomwambia siendi kukutana na mtu, alimpokea mtoto bila kuniangalia usoni. Afadhali ningemdanganya.

Asubuhi, getini, mlinzi aliuliza naenda kuombea nini. Nikasema siombei kitu, nataka kupanda. Akauliza ni mume au ni kizazi. Nikasema mume ninaye, mtoto ninaye. "Ni ugonjwa, basi," akasema, akaandika kitu kwenye daftari, akanionyesha njia ya kushoto yenye mishale ya chokaa. Sikusoma alichoandika. Kosa hilo ni langu.

Mishale haikunifikisha kileleni. Ilinifikisha pangoni, kwa wanawake kama kumi waliokaa kwenye mikeka na madumu yao ya maji. Mmoja, wa umri wa mama yangu, alinishika mikono yote miwili. "Sema shida yako, binti yangu." Nikamwambia sina shida, napita tu. Hapo wakanionea huruma zaidi. Wakanizunguka, wakaniombea kwa sauti, na mimi niliyekuja kutafuta kuwa peke yangu nikasimama katikati yao nikalia mpaka kamasi. Kwa nini, sijui hadi leo. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira kwamba njia si yenyewe.

Yule mama ndiye aliyenionyesha pa kupandia. Akaniambia nivue viatu, jiwe lile linataka nyayo. Nikapanda kwa mikono na magoti, viatu vinaning'inia shingoni.

Juu kulikuwa na upepo, mijusi, na nafasi ya kukaa watu wanne. Nilidhani nitawaza jambo kubwa. Niliwaza mtoto amekula nini. Maziwa yalikuwa yamejaa, matiti yanauma, blauzi imelowa. Nikayakamua pale pale. Yakatiririka kwenye jiwe lenye moto, yakakauka kabla hayajafika mbali. Nikala nusu chapati. Nilifurahi? Nafikiri nilifurahi. Ila baada ya kama nusu saa sikuweza tena kukaa, na ndicho kitu nilichokuwa nimekitamani mwaka mzima.

Basi nikashuka, nikaambiwa nirudi juu.

Mlinzi hakuwa mwizi, na hilo lilizidi kunichanganya. Alinieleza taratibu. Vitambulisho vya watu wa maombi vinawekwa kwenye sanduku la bati, na ufunguo anapanda nao kiongozi wao hadi pangoni. Wenyewe ndivyo walivyotaka, asije mtu akashindwa na njaa akatoroka. Nikalivuta daftari. Mbele ya jina langu palikuwa pameandikwa: maombi, siku tatu.

Nikalisoma mara mbili. Maana yake ningeteleza kule juu nikavunjika mguu, mtu wa kwanza kushangaa pale mlimani angeshangaa siku ya tatu.

Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Bila kitambulisho nilihitaji karatasi ya kunipitisha getini kwetu Nsambya. Afande wa zamu aliuliza kama nimeibiwa. Hapana. Nimepigwa? Hapana.

"Sasa niandike kosa gani?"

"Andika kwamba nilisema ukweli, akaandika uongo."

Akacheka. Nikamwambia mume wangu ni askari kama yeye, maelezo ya mlalamikaji nayajua yanavyoandikwa, aandike upesi basi linakuja. Akachukua kalamu. Haya ndiyo aliyoyaandika na kuyapiga muhuri:

Mlalamikaji, mwanamke, mkazi wa Nsambya, Kampala, anasema leo alipanda mlima ili apande tu. Alimweleza mlinzi hivyo. Mlinzi aliandika kwamba amekwenda kuomba kwa siku tatu, akamwelekeza njia isiyo yake. Kama angeumia, asingetafutwa. Anataka neno maombi lifutwe mbele ya jina lake, liandikwe amepanda, amefika, ameshuka, pamoja na saa. Anataka kila anayepanda aulizwe, na jibu lake liandikwe kama alivyolitoa. Anataka kitambulisho chake leo. Mlalamikaji ananyonyesha. Hawezi kusubiri siku ya tatu.