Sinia la Mchanga na Kuku wa Ijumaa

Kuku mmoja mweusi, shingo tupu kama mzee anayetoka kuoga, alikaribia kunifanya ninyolewe kichwa na kutembezwa Mutsamudu nzima. Leo nacheka. Siku ile sikucheka, na mimi ni mtu niliyecheka hata nikiwa najifungua.

Kuku nitamfikia. Kwanza Moroni.

Moroni, mji mkuu, kisiwa cha pili, nilikwenda na mume. Mume akaenda zake Majunga, ng'ambo ya bahari, mimi nikabaki na fagio. Nikapata kazi ya kufagia shule ya watoto wadogo ya Madamu mmoja wa Kifaransa. Shule mimi sikuwahi kuingia hata kwa bahati mbaya. Chuo cha Kurani nilisoma, ndiyo, sura zangu nilizikariri vizuri tu, lakini herufi zenyewe nilizipita kama unavyopita watu sokoni: unajua wapo, humjui hata mmoja.

Siku ya kwanza nikadhani nimeingia kwa wendawazimu. Chuoni kwetu watoto wakisoma unawasikia mpaka Mirontsy, na fimbo ya fundi, mwalimu wetu, unaisikia mpaka Zanzibar. Hapa watoto thelathini, kimya! Kila mmoja na mkeka wake mdogo sakafuni na kazi yake juu ya mkeka. Mmoja anafunga vifungo kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye mbao, akimaliza anavifungua. Mwingine anamimina maji kutoka jagi hili kwenda jagi lile, kisha anayarudisha.

Nikamuuliza Madamu, "Huyu kakosa nini?"

"Hajakosa. Anajifunza."

"Anajifunza nini, kuchanganya maziwa na maji?"

Madamu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Nikaanza kuona. Mtoto akimwaga maji, hapigwi wala hafokewi. Anaonyeshwa kitambaa kilipo, anafuta mwenyewe. Akipanga mnara wake wa vipande vya mbao vibaya, mnara unaanguka, na mnara hauna shangazi wa kubembelezwa. Mkeka wa mwenzako hukanyagi, hata uwe mtoto wa waziri. Madamu alisema mkono ndio unaoanza kujua, kichwa kinafuata nyuma. Nikasema basi kichwa changu kiko njiani bado, hakijafika hata Vouvouni hapo karibu.

Kulikuwa na herufi zilizokatwa kwenye msasa, ule wa mafundi seremala, zikabandikwa kwenye vibao. Mtoto anaosha ncha za vidole, anapitisha viwili juu ya herufi polepole, anasema sauti yake. Kisha anaichora kwenye sinia lenye mchanga, na ikiharibika anatikisa sinia, mchanga unasahau.

Kila adhuhuri watoto wakishaondoka, kazi yangu kufuta vumbi kwenye vile vibao. Nikawa napitisha na mimi vidole. M. Sss. Aa. Lakini aibu! Mtu mzima na ndevu karibu zinaota, akutwe anacheza na vibao vya watoto? Kwa hiyo macho nikayaweka mlangoni, nisifumaniwe, na vidole vikawa shuleni peke yao. Miaka mitatu mizima. Likumbukeni hilo la macho mlangoni.

Uhuru ukaja, tukapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Baada yake Wafaransa wakaitana kurudi kwao, na Madamu akafunga sanduku. Akanikabidhi vile vitu vyote. "Chukua wewe, nikiviacha mvua itavichukua." Nikapanda boti na makasha kumi na saba kurudi kwetu Mutsamudu. Haya, manne. Lakini kwa bahari ile na kwa matapishi yale yalikuwa kumi na saba.

Nyumba ya mama yangu iko kwenye kichochoro ambacho wanene wawili wakikutana, mmoja lazima arudi kwao. Siku zile serikali mpya ilikuwa imegeuza kila kitu. Watumishi wa ofisini wamerudishwa majumbani, makaratasi ya serikali yamechomwa, vijana wa mapinduzi ndio wanaoamrisha wazee, shule zinafungwa na kufunguliwa kama dirisha lenye upepo. Majirani wakaniletea watoto. Kumi na wawili. Nikatandika mikeka, nikachora ule mstari wa chaki wa kutembea juu yake bila kuyumba, umbo la yai, kama alivyouchora Madamu. Wakaniita bweni, mama wa heshima, na mimi nikajikuta natembea kwa heshima kweli.

Sasa ubaya ukaanzia kwenye ukimya. Madamu alikuwa na mchezo mmoja: watoto wanakaa kimya kabisa, macho wameyafumba, na wewe uko chumba cha pili unanong'ona majina yao, mmoja mmoja. Anayesikia lake anainuka, anakuja kwa ncha za miguu. Mchezo mtamu sana. Lakini msikilize mtoto wa miaka minne akimsimulia bibi yake: "Kwa bweni tunafumba macho, sauti inatoka ukutani inatuita majina, tunatembea kuzunguka duara, kisha tunachora kwenye mchanga."

Bibi gani hapo atafikiri shule? Mchanga kwetu una kazi moja inayojulikana: ramli. Mganga anachora, anakwambia mumeo yuko wapi na nani.

Jirani yangu wa mlango wa pili, muuza mikate, mumewe alikuwa Moroni mwezi wa tatu sasa, kimya. Akaja asubuhi moja, akachutama karibu na sinia. "Bweni, niangalizie. Anarudi au harudi?"

Hapo ndipo ningesema, dada yangu, huu ni mchanga wa shule. Ulimi wangu lakini haujawahi kuniuliza ruhusa. Nikachora herufi mbili, nikakunja uso, nikasema, "Ijumaa. Ataingia na shati jeupe." Utani tu! Boti ya Moroni siku zile huja Ijumaa, na mwanamume gani anasafiri Ijumaa bila kanzu wala shati jeupe?

Ijumaa akaja. Shati jeupe.

Jirani akaniletea kuku, yule mweusi. Ningemrudisha. Lakini alikuwa mnono, na mimi nyama niliiona mara ya mwisho enzi za Nabii Nuhu. Nikamfunga kwenye mwimo wa mlango, angoje Ijumaa ijayo. Baada yake wakaja wanawake wengine, nikawatania na wao, kidogo kidogo. Na vijana wa mapinduzi walikuwa wametangaza vita na waganga. Wiki moja tu nyuma walimpitisha mzee mmoja wa Ouani, kichwa kimenyolewa nusu, amevishwa hirizi zake zote shingoni, watoto wanapiga makopo nyuma yake. Nilikuwa dirishani. Hata nilichekelea. Mungu ana masikio.

Walikuja saa tatu asubuhi, wanne na bunduki moja. Mkubwa wao hajafikisha miaka ishirini, alikuwa akisoma Moroni kabla mambo hayajageuka. Aliingia na viatu. Kichochoro kizima kikajaa mlangoni nyuma yake, na jirani yangu mbele kabisa, analia, maana ndiye waliyemuuliza kwanza.

Katoto kamoja ka kike, miaka mitano, kakainua kichwa kutoka kwenye ushanga wake wa kuhesabia. "Kaka, umekanyaga mkeka wa kazi."

Nikaona nimekufa. Kijana akatazama chini. Akainua mguu, akauweka pembeni. Akakichungua chumba: mstari wa chaki, vitambaa vya kufumbia macho, mfuko wa kupapasia vitu, sinia la mchanga. Na kuku mweusi mlangoni. Ungemlipa mtu akupangie nyumba ya mganga asingeipanga vizuri hivyo.

"Hii nini?"

"Mchanga, mwanangu."

"Naona ni mchanga. Unapiga ramli."

"Nafundisha herufi."

"Kumbe unajua kusoma?"

Na mimi, ninayesema uongo kama ninavyopumua, nikakwama. Watoto kumi na wawili wananitazama. "Sijawahi kusoma neno," nikasema.

Wakacheka wale watatu. "Mwalimu asiyejua kusoma! Wa herufi zipi, za majini?"

Mkubwa wao hakucheka. Akamgeukia jirani. "Alikwambia mumeo anakuja?"

"Alisema Ijumaa. Akaja Ijumaa."

"Boti huja kila Ijumaa!" nikapiga kelele.

"Basi ungemwambia hivyo," akasema yule kijana, taratibu. "Mbona hukumwambia?"

Mmoja wao akatoa wembe mfukoni, akaanza kuufungua kwenye karatasi yake. Nikaishika shiromani yangu, ile nguo niliyojitanda kichwani, kwa mikono miwili. Nikamwona yule mzee wa Ouani. Nikayasikia makopo.

Yule katoto kakainuka. Kakaenda kuleta bakuli la maji na kitambaa cha macho, kakaviweka mbele yangu. "Bweni anasoma na vidole," kakasema. "Macho yake ndiyo hayajui."

Watu mlangoni wakavuta pumzi. Ilizidi kunukia uchawi.

Kijana akaokota kitambaa, akanifunga macho yeye mwenyewe, akakaza mpaka nikaona nyota za mchana. Nikaosha vidole, maana kidole chenye jasho hakisikii msasa, nikavikausha kwa shiromani. Nikasikia vibao vinagongana. Anachagua. Tok. Tok. Tok. Tok. Tok. Vitano.

Nikapapasa cha kwanza. Kijiti kinachoshuka, tumbo liko juu. "P." Cha pili, kikombe. "U." Cha tatu kilima kidogo. "N." Nikarudia mara mbili cha nne: tumbo kwanza, kisha kijiti kinapanda. "D." Cha mwisho, "A."

"Hizo ni sauti," akasema. "Kasuku naye ana sauti. Neno?"

Neno! Huko vidole vyangu havikuwahi kufika. Nilizijua kama majirani watano wasiosalimiana. Nikazipitia tena, haraka kidogo. Pu. Nda. Tena. Nikahisi zinasogeleana zenyewe.

"Punda," nikasema. Halafu ulimi huo, bila ruhusa: "Punda ni nani, mwanangu, mimi au aliyekanyaga mkeka?"

Kimya. Kimya cha Madamu, cha kusikia jina lako likiitwa. Kisha watoto wakaangua kicheko, na nadhani mwenye bunduki pia, maana bunduki iligonga ukuta.

Nikafunguliwa macho. Mkubwa wao alikuwa bado ameinamia vibao, masikio mekundu. Hakutabasamu.

"Unasoma," akasema. "Na ramli?"

"Ramli sijui. Niliwatania."

"Na kuku?"

"Kuku sikumtania. Nilimpokea."

Akamwambia yule wa wembe aurudishe. Akanitoa nje, akanisimamisha juu ya kigoda, mbele ya kichochoro kizima, niseme kwa sauti: kesho siijui, ya Ijumaa ilikuwa mzaha, anayetaka habari za mume akaulize bandarini. Mkadhani ni kitu chepesi? Mimi, ambaye sijasema jambo kama lilivyo tangu nizaliwe! Nilisema mara tatu, maana mara ya kwanza niliongeza chumvi na akanirudisha mwanzo. Kuku nikamkabidhi jirani mkononi. Mchanga akaumwaga mwenyewe kwenye mfereji, akaondoka na watu wake, akiuzunguka mkeka.

Watoto hawakungoja kuambiwa. Kila mmoja akachukua kikombe, tukashuka ufukweni kuchota mchanga mwingine, wakarudi mstari mmoja, macho kwenye vikombe, kichochoro kizima kikiwapisha, na hakuna aliyemwaga punje. Hiyo sitii chumvi.

Sinia lilipojaa nikavipanga vile vibao vitano nivione kwa macho. Nikavitazama. Wageni watupu. Nikafumba macho, nikagusa, nikafumbua, nikagusa tena, mpaka sura moja ikaanza kufanana na kidole kilivyonambia.

Jirani akachungulia, akaja kuchutama mkekani, kuku kwapani. Akanong'ona, "Lakini kweli, bweni, ataondoka tena?"

Ulimi uliniwasha, wallahi, kama nimeng'ata pilipili.

"Sijui, dada yangu," nikasema. "Sogea, unanikalia mkeka."