Piano Ndani ya Kompyuta Kuukuu
Mkuu wa shule aliiuza piano ya mwalimu wa muziki wakati mwalimu huyo amelazwa hospitalini, kisha akatangaza kuwa kwaya isiyo na ala itavunjwa muhula ukiisha. Mwalimu alipopona alirudi kazini. Aliiwekea kompyuta kuukuu ya maktaba Linux, mfumo endeshi wa bure, akapakua programu ya piano ya bure iliyorekodiwa noti kwa noti kutoka piano halisi, akaunganisha kibodi ya muziki. Hadi leo huvipangusa vitufe kwa leso kabla ya kupiga, kana kwamba vumbi nalo limepakuliwa. Mwanzoni kila noti ilichelewa kama mgeni rasmi. Akarekebisha mipangilio ya sauti, zikawahi. Hata hivyo kwaya ikapotea kwenye ubeti wa pili.

“Shoga, mashine yako imekosea,” akasema mwalimu wa hesabu.

“Mashine haina kosa, dada. Wanangu ndio waliozoea ile noti ya katikati iliyolegea kwenye piano yangu ya zamani.”

Akafumba jicho moja, kama afanyavyo siku zote akisikiliza, akailegeza noti hiyo moja kwa makusudi. Kwaya ikanyooka.

Tangu Jumanne, tarehe 14 Machi, kwaya imo kwenye ratiba ya shule, na mkuu huketi mstari wa mbele akisifu usahihi wa piano mpya.