Nilimdanganya Binti Yangu Kuhusu Macho Yake

Admin, asante kwa kunifichia jina. Wote mnaosoma, salaam. Mimi ni mwanaume wa miaka 51, nina duka la vitambaa Kariakoo. Mke wangu ni binti wa ami yangu, na tuna mtoto mmoja tu, msichana wa miaka 20. Hapa nitamwita Salma.

Salma tangu mdogo ana aleji. Macho yanamuwasha, anayasugua kwa ngumi mpaka yanakuwa mekundu. Dukani kwetu vumbi la majora ya vitambaa haliishi, na alikuwa anashinda pale kila akitoka shule. Mimi dawa yangu ilikuwa moja: naingia famasi, nanunua matone, namtia, basi. Akisema haoni ubaoni namwambia aache kuchezea simu.

Miaka miwili iliyopita kulikuwa na upimaji wa macho wa bure viwanja vya Mnazi Mmoja. Salma akaenda na wenzake. Akarudi dukani na barua, anahema. "Baba, wamesema kioo cha jicho langu hakijakaa sawa, niende hospitali kubwa haraka." Nikaipokea, nikasema nitaishughulikia.

Ndugu zangu, sikuishughulikia. Wiki ile ile kaka yangu mkubwa alikuwa ameniambia anataka kumposea mwanawe Salma. Nikawaza, wakisikia binti ana ugonjwa wa macho, posa hakuna. Nikaichana ile barua. Baada ya siku tatu nikamwambia mwanangu, "Nimeongea na daktari mmoja mtu wangu, anasema ni aleji tu, itaisha." Akaniamini. Akasema, "Alhamdulillah, nilikuwa naogopa."

Mwaka huu akaanza kukosea hata kusalimia watu. Mtu yuko mbele yake, hamtambui mpaka aongee. Miwani mbili tumebadilisha, hazisaidii. Ndipo nikampeleka hospitali. Daktari, dada mmoja mpole, akatueleza kwamba kioo cha mbele cha jicho kimekuwa chembamba, kimechongoka kama koni. Akauliza kama anasugua macho. Akauliza kama mimi na mama yake tuna undugu, nikasema ndiyo. Akasema wakati mwingine ugonjwa huu unatembea kwenye familia, na kusugua kunauzidisha. Jicho la kulia bado wanaweza kulizuia lisiendelee kuharibika. La kushoto limeshaweka kovu, linasubiri kupandikizwa kioo cha mtu mwingine, na haijulikani lini.

"Mngekuja mapema kidogo," akasema.

Salma akadakia, "Tuliuliza mapema! Baba aliongea na daktari, akasema ni aleji."

"Daktari gani huyo?" akaniuliza.

Nikajibu nimesahau jina.

Posa yenyewe imekufa. Kaka yangu ameacha kuizungumzia. Lakini kinachonimaliza ni mke wangu. Mama yangu mzazi amemwambia kwamba yeye ndiye aliyemharibu mtoto kwa kumpaka wanja akiwa mchanga. Nilikuwepo, nikaliacha lipite. Juzi tukiwa tunakula mchana, mke wangu akaanza kulia, akamshika Salma mikono: "Mwanangu nisamehe, sikujua kama wanja una madhara." Salma akamfuta machozi, "Mama, si wewe. Ni yule daktari wa baba. Nikimjua, sitamsamehe mpaka nakufa."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, sahani iko mbele yangu. Nikasema, "Mipango ya Mungu, mwanangu." Halafu nikainuka kunawa.

Wiki ijayo anafanyiwa matibabu ya jicho la kulia. Anaogopa sana. Ameomba niingie naye mimi, siyo mama yake, kwa sababu anasema mimi ndiye ninayempa moyo. Nikimwambia sasa, naogopa atagoma hata kutibiwa. Nikikaa kimya, mke wangu anaendelea kubeba kosa langu, na kila akimuona Salma anapapasa ukuta analia upya.

Naomba msinionee huruma. Niambieni tu nianze na nani, na lini. Na nyie mabinti mnaosoma hapa, nyie ndio nataka hasa kuwasikia. Angekuwa baba yako, ungetaka akwambie?