Idara Zinaitwa Jumamosi

Mume wangu anaitwa Honi. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini hata mimi nikimwita kwa hilo huchelewa kuitika. Hilo la Honi alipachikwa na wenzake kiwandani, kwa sababu ana sauti ambayo, nakuapia, haifanani na mwili ule. Mtu mwembamba, shati linamning'inia, lakini akifungua mdomo mbwa wa mtaa wa pili wanabweka. Akiniuliza jikoni chumvi iko wapi, majirani ndio wanaomjibu.

Kiwanda chetu ni cha mashuka. Honi alifika pale akiwa kijana, kaja kujaribiwa kucheza winga kwenye timu ya kiwanda. Enzi hizo ndivyo watu walivyoajiriwa: golikipa anawekwa stoo, mshambuliaji anapewa mashine ya kufuma asiyoigusa mwaka mzima, na hakuna aliyeona ajabu. Basi Honi mpira wa kwanza aliupiga ukaingia dirishani mwa karakana. Wa pili aliukosa, akaanguka mwenyewe. Kocha akamwambia, "Mdogo wangu, hebu kapumzike pembeni." Huko pembeni ndiko alikoanza kushangilia, na wakubwa waliposikia lile koo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akapewa kazi idara ya rangi. Miaka yote niliyoishi naye, kucha zake zilikuwa na rangi ya wiki ile.

Na yeye ndiye aliyeanzisha kuita idara. Kabla ya mechi, Honi anapanda juu ya pipa tupu mbele ya jukwaa, anaita: "Nyuziii!" Watu wa idara ya nyuzi wanasimama wote, wanajibu, "Tupo!" Anaita, "Ufumaji!" Wanasimama, "Tupo!" Halafu ufungashaji, halafu stoo, halafu rangi ya mwisho kwa sababu ndiyo yake. Uwanja unatikisika. Timu ngeni wanaanza kufunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa. Mimi nilikuwa ufungashaji, na nisikufiche, nilimpendea palepale. Msichana mzima, nimesimama naitikia mtu aliye juu ya pipa.

Kisha hali ikaharibika. Sina haja ya kueleza sana, kila mtu aliipata ya kwake. Bei ya asubuhi si bei ya jioni. Umeme unakatika, ukirudi unarudi kama mgeni asiyetaka kukaa. Pamba ikawa haifiki. Idara ya nyuzi ikafungwa ya kwanza, watu wakaambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa. Hawakuitwa. Rangi ikafuata, mashuka yakaanza kuuzwa meupe, na Honi akarudi nyumbani na sanduku lake la chakula na taulo. Ikabaki banda moja la kufuma na sisi wa meza za kufungasha. Nyumba nzima ikawa inanitazama mimi: Honi, watoto wawili, na mama mkwe kule anakoishi, anayesubiri nimpelekee chochote.

Sasa niambie wewe, kitu gani hakikupunguzwa? Timu! Timu haikuguswa hata kwa kidole. Meneja alisema timu ni jina la kiwanda, jina halifukuzwi. Sisi tunakunywa chai kavu bila sukari, wao wamenunuliwa jezi mpya. Lakini hilo ningelimeza. Lililonikaba ni hawa waliofukuzwa. Badala ya kwenda kugonga geti wadai haki yao, Jumamosi ikifika wanaoga, wanapiga pasi mashati, wanakwenda uwanjani kukishangilia kiwanda kilichowatema! Kisa kiingilio ni bure. Na mbele yao nani? Mume wangu, mtu mzima na akili zake timamu, yuko juu ya pipa anaita idara zilizopigwa kufuli.

"Nyuziii!"

"Tupo!"

Mko wapi? Huko nyuzi panya wanazaliana. Mkuu wa idara ile, mtu aliyekuwa akikohoa tu watu wananyamaza, siku hizi anauza karanga kwenye sinia. Nilimwona kwa macho yangu akiliweka sinia chini, akasimama, akaitikia.

Nilimjia juu Honi siku ile. Nikamwambia, "Baba watoto, huoni haya? Unawaita watu wasiokuwepo?"

Akaniambia, "Mama watoto, nikiacha kuwaita ndipo watakuwa hawapo kweli."

Nilichukia. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Na usidhani alikuwa na raha. Honi alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kurudi kazini. Kila Jumatatu alikwenda getini, akasimama hapo hadi zamu iingie, mlinzi akamwambia, "Bado, kaka," akarudi. Siku moja mwalimu alimuuliza binti yetu darasani baba yake anafanya kazi gani. Mtoto akasema, "Anashangilia." Darasa zima likaangua kicheko. Honi alipolisikia hilo hakutia kitu mdomoni mpaka kesho yake, na mimi nilikuwa nimejinyima ili kile chakula kipatikane, ikabidi nigombane naye kwa hilo pia.

Basi wiki moja Meneja akamwita ofisini. Meneja mwenyewe! Honi akaazima marashi yangu. Aliporudi alikuwa anaongea hata kabla hajafika mlangoni, kwa hiyo habari niliipata pamoja na mtaa mzima. Kulikuwa na wageni wanakuja Jumamosi, wanunuzi wakubwa wa mashuka, wanataka kuona kiwanda chenye uhai kabla ya kuagiza. Mashine zote haziwezi kuwashwa, umeme wenyewe huo. Kwa hiyo Meneja atawapitisha haraka kwenye banda la kufuma, kisha atawapeleka mpirani wakaone watu.

"Kaniambia, Honi, nijazie jukwaa. Waite wote, waliopo na waliotoka, waitikie kama zamani. Ukifanya hivyo, Jumatatu njoo na kitambulisho chako. Nafasi yako ipo."

"Kakuandikia?"

"Kanipa mkono! Mtu mzima yule, atanipa mkono bure?"

"Honi, mkono ni vidole tu na ngozi."

"Ah, wewe nawe! Kila kitu unakitia maji."

Wiki ile aliimaliza soli ya kiatu. Alipita nyumba hadi nyumba. Wengine walikubali kwa kuwa hawana la kufanya. Wengine walimfukuza. Mkuu wa nyuzi alimtazama kutoka nyuma ya sinia lake akasema, "Nikasimame mbele ya wageni niseme nipo, na hali sipo? Unanitania, kijana."

Honi hakumzungusha. Alimwambia, "Mzee wangu, ni kazi yangu. Nimeahidiwa nikijaza jukwaa narudi. Nakuomba unisaidie."

Yule mzee akapanga karanga zake upya. Kisha akauliza mechi ni saa ngapi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Jumamosi ile watu hawakuja kwa ajili ya timu wala Meneja, walikuja kwa ajili ya Honi. Habari ilikuwa imeshasambaa kwamba tukipiga kelele vizuri mwenzetu mmoja anarudi kazini. Nilifika nikakuta jukwaa limejaa, wengine wamekaa juu ya ukuta. Wageni walikuwa chini ya turubai, wamepewa soda baridi. Sisi jua letu.

Honi akapanda pipa. Alikuwa amevaa shati lake la harusi.

"Nyuziii!"

Jamani. Walisimama watu ambao sikuwa nimewaona tangu siku waliyofukuzwa, wamekonda, wamezeeka, wakaitikia "Tupo!" mpaka nikasisimka mwili. Ufumaji wakaitikia, waliomo na waliotolewa. Ilipofika ufungashaji nilisimama nikapayuka hadi koo likauma. Ndiyo, mimi. Mimi niliyekuwa nikiwacheka. Nilitaka mume wangu apate kazi, potelea mbali aibu. Wageni wakapiga makofi. Mmoja akainama akamwuliza Meneja kitu, na Meneja akanyoosha mkono akatuonyesha sote, kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Mechi yenyewe hata usiniulize. Tulifungwa bao la kijinga, golikipa na jezi yake mpya kasimama anauangalia mpira unavyopita. Watu wakamtukana golikipa, wakatukana kocha, wakaenda nyumbani na njaa zao.

Jumatatu zamu yangu ilikuwa ya mchana. Honi aliondoka asubuhi na kitambulisho mfukoni, nikabaki nafagia roho ikiwa juu juu. Kabla chungu hakijachemka nikamsikia kona ya mtaa.

"Mama watotooo! Nimerudi kazini!"

Aliingia na kifurushi kwapani. Alikuwa analia na kucheka, akanishika mabega akanizungusha katikati ya chumba, tukagonga meza. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa kumsema vibaya Meneja. Kesho anaanza, akasema. Wamempa na koti la kazi. Akalivaa palepale anionyeshe, na mikono ya koti ikaishia katikati ya kiwiko na kiganja. Mabegani likambana, na vifungo vilikuwa upande usio wa kiume. Akacheka.

"Wamekosea saizi hawa. Nitabadilishiwa."

Mimi sikucheka. Koti la idara ya rangi ni la kaki. Hili lilikuwa la samawati, kama langu.

"Wamekupa idara gani?"

"Ufungashaji. Wamesema rangi haifunguliwi tena, nafasi iliyopo ni ya huko. Tutakuwa pamoja, mke wangu! Nitakuja nakukonyeza mezani."

Hakukuwa na nafasi ufungashaji. Mimi ndiye niliyekuwepo mle, mimi najua. Kazi yenyewe ilikuwa haba, tulikuwa tunakunja shuka moja polepole ili asije mtu akatukuta mikono mitupu. Nilivua kanga ya kufagilia, nikavaa viatu, nikamwambia Honi aangalie chungu. Akaniuliza zamu si bado? Nikashika njia ya kiwandani.

Mlinzi aliniona kwa mbali akaanza kujishughulisha na kufuli.

"Shemeji," akasema.

"Nifungulie."

"Shemeji, leo usiingie. Wamesema nyumba moja, kibarua kimoja."

"Nani kasema?"

"Meneja. Kasema mume wako atakuwa ameshakueleza."

Niliyoyasema pale getini sitayarudia. Nilisema juu ya Meneja, juu ya wageni na soda zao, juu ya timu, mmoja mmoja kwa namba ya jezi. Mlinzi alisimama akayapokea yote, maskini, wala hayakuwa yake. Wenzangu wa zamu ya mchana walianza kufika, wakanikuta nimeshika nondo za geti. Mmoja akaniambia, "Pole, dada," akapita haraka. Simlaumu. Hata mimi ningepita.

Nyumbani nilimkuta Honi kaketi kitandani, bado ana lile koti. Alikuwa amejitahidi kuivuta mikono ifike. Nikamwambia. Sikuyapamba maneno wala kumzungusha, nikamwambia kama nilivyoambiwa.

Alianza kufungua vifungo, kimoja kimoja. "Sikujua," akasema.

"Najua hukujua."

"Hakuniambia nafasi ya nani. Aliniambia nafasi yangu ipo."

"Najua, Honi! Ndicho kinachoniudhi! Ungekuwa umejua ningepata wa kumpiga!"

"Nakwenda kumrudishia koti lake. Nitamwambia mbele ya watu."

"Ukimrudishia atanirudisha mimi? Atampa mpwa wake, atashukuru tumempunguzia kazi. Kisha tule nini hapa, makofi?"

Akaendelea kufungua vifungo. Nilikuwa na hasira. Nilimchukia Meneja, nilimchukia mume wangu kwa dakika nzima, nikajichukia na mimi kwa lile koo nililopasua Jumamosi ili nijifukuze mwenyewe. Nilitaka kuvunja kitu. Nikatazama chumbani, cha kuvunja hakikuwepo, vyote tunavihitaji.

"Umewahi kukunja shuka?" nikamwuliza.

"Mimi? Mimi ni mtu wa rangi."

"Ndiyo, najua wewe ni mtu wa rangi. Simama."

Nikamtoa kitandani, nikalivuta shuka letu. Nikamwonyesha. Pembe mbili juu, pembe mbili chini, pindo likae nje ili mnunuzi alione. Unapitisha mkono wote, kuanzia kiwiko, siyo kiganja, kiganja kinaacha mikunjo. Ukimaliza lazima liingie kwenye mfuko bila kusukumwa, maana msimamizi analichomoa lile baya, analitupa chini mbele ya wote, na ukitupiwa mara nyingi humalizi wiki. Honi akashika pembe kwa vidole vyake vikubwa vilivyozoea mapipa. Shuka likamponyoka. Akalishika tena, akakunja, pindo likaingia ndani.

Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta.

"Siyo hivyo," nikamwambia. "Ukikunja hivyo watakufukuza. Anza tena."

Akalikung'uta, akaanza tena.