Fundi wa Nguo na Mugithi ya Asubuhi
Miguu ya fundi wetu wa nguo hapa Mwihoko huniambia anachosikiliza. Hukimbia nami kila asubuhi, earphone masikioni. Nyimbo za kanisa humrefushia hatua, na visigino hupiga chini kwa kishindo. Ikiingia mugithi, ile ngoma ya kushikana viuno kwa foleni kama treni, hatua hufupika, anakanyaga kwa vidole, na mikono hunyooka mbele kana kwamba amemshika mtu. Jumamosi nilimtangulia mlimani, pumzi ikaniishia, nikaanza kutembea. Mara mikono ikanikamata kiuno. “Wee Mama Shiko, treni haisimami hapa!” Tukapanda kwa hatua zake fupi hadi juu. “Kwani huo ni wimbo gani?” nikamuuliza. “Simu ilizima kule chini,” akasema huku akihema na kucheka. “Nilikuwa natafuta kiuno cha kushika.”